Bafu Nililomjengea Mama Mkwe

Kuna siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo: siku nilipoambiwa kwamba Maduhu wa Didia anajenga bafu.

Utacheka. Bafu la mtu mwingine linakuhusu nini? Ngoja kwanza nikueleze Maduhu ni nani kwangu. Mimi na yeye ni wanyumba, maana yake tumeoa tumbo moja. Yeye kaoa dada mtu, mimi nikaoa mdogo mtu, Mama Kabula wangu huyu. Wakwe zetu hawakujaliwa mtoto wa kiume aliyefika ukubwani. Baba mkwe alipofariki akabaki mama mkwe peke yake, na miguu yake mibovu, goti moja limevimba kama boga. Ukoo ukakaa, ukaamua asiachwe mwenyewe. Atakaa mwezi mmoja kwa Maduhu, mwezi mmoja kwangu Bugarama, kisha atasema kwa kinywa chake ni wapi anataka kuzeekea.

Huenda wewe kijana wa leo huujui uzito wa jambo hilo. Mzee kuichagua nyumba yako ni cheo. Hakiandikwi popote, lakini ukipita njiani watu wanakijua.

Na mimi nilikwisha jiona nimechaguliwa. Kwa nini nisijione? Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Shule niliishia darasa la nne, nikachunga ng'ombe wa watu, nikaingia maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, sina hata viatu. Nimechimba, nimebeba viroba vya mawe mgongoni mpaka ngozi ikaota sugu. Kabla sijafika thelathini nilikuwa na karasha yangu ya kusagia mawe, ya pili ikafuata, nyumba ya vyumba sita ikafuata, bati la rangi, gari mlangoni. Katika wale tulioanza nao, nani mwingine alifika hapo? Mtaje. Maduhu alikuwa na nini? Mpunga, pamba kidogo, na baiskeli.

Lakini watu walimpenda, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Msibani alipewa kiti kabla yangu. Mama mkwe akimtaja Maduhu uso unalainika; akinitaja mimi anasema, "Yule ana kazi nyingi." Basi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi, sitakuficha, nilijitembeza sana.

Sasa hili la bafu. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mkono, hawali sahani moja, na mahali anapooga mama mkwe wewe mwanamume hukanyagi, hata kama tofali la kwanza uliliweka mwenyewe. Kwa hiyo anayempokea lazima amtengenezee bafu lake. Mimi nilikuwa sijalifikiria. Maduhu alikuwa amekwisha kulianza. Unaona? Mtu wa baiskeli ananitangulia.

Nikaendesha mpaka Didia, nikisingizia napeleka sukari. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa karibu na bomba la kisima kirefu. Bomba lile lilikuwa linavuja, na chini yake alikuwa amepanga vipande juu ya matofali: kigae cha kung'aa chembamba, kigae kigumu cha rangi ya majivu, kipande cha jiwe la marumaru, tofali lililopigwa niru, yaani saruji laini ya juu, kipande cha ubao wa plastiki. Kila kimoja kinapata tone lake, kinakauka, kinapata tena. Alisema vina mwezi pale.

"Maduhu," nikamwambia, "siku hizi unachunga mawe? Ng'ombe wamekushinda?"

"Nayachunga, mwanyumba," akajibu wala hakuinua kichwa. "Nataka nijue ni lipi linavumilia maji ya huku. Maji yetu ni magumu. Sabuni haitoi povu, na sufuria ya chai imeota ukoko ndani. Kama yanaifanya hivyo sufuria, ukuta yataufanyaje?"

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Nikarudi Bugarama nikawasimulia watu mgahawani kwamba mwanyumba wangu anafuga vigae, wakacheka na wao. Lakini mwanangu, ndani ya gari, njiani, sikuwa nacheka. Kilichoniuma si kwamba ana bafu. Kiliniuma kwamba amefikiri jambo ambalo mimi sikulifikiri. Wivu wa mali una dawa, unatafuta mali. Wivu wa akili ya mwenzio unautibu na nini?

Mimi niliutibu na jiwe. Nilikwenda Mwanza mwenyewe, nikazunguka maduka mawili matatu, nikalikuta. Si vigae vya kiwandani ambavyo watu nao huviita marumaru. Nasema jiwe lenyewe la mlimani, limekatwa, limesuguliwa, jeusi tii, na ndani yake imepita mishipa ya rangi ya dhahabu. Hebu niambie, mtu aliyekula ujana wake akiutafuta mshipa wa dhahabu kwenye mwamba, akionyeshwa jiwe kama lile, ataliacha? Nilihisi limechongwa kwa ajili yangu.

Fundi wangu alikuwa mzee mmoja wa Ushirombo, mtu wa kanisa, mpole, anayepima mara tatu kabla ya kukata. Alipoyaona yale mawe akayapapasa. Kisha akaomba chai. Alipomaliza kunywa akainamisha birika akachungulia ndani.

"Baba Kabula," akasema, "maji yako yana chokaa nyingi. Jiwe hili ni zuri, lakini ni la sebuleni. Kwenye maji haya litakusuta. Na jeusi ndiyo kabisa, kila tone litaandika jina lake."

Nikamwambia mimi nimeingia ardhini futi mia na zaidi, nikalala na mawe, nikala na mawe. Yeye na mwiko wake atanifundisha jiwe? Mzee wa watu akavua kofia, akaivaa tena, akaanza kazi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu likavunjika la mwingine. Subiri utaona.

Bafu likaisha, na lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Mama mkwe bado alikuwa kwa Maduhu akimalizia mwezi wake, kwa hiyo mimi nikawa na nafasi ya kutembeza wageni, maana marufuku yangu ilikuwa bado haijaanza. Nilileta wanunuzi wa dhahabu, nikaleta majirani, nikamleta hata mtu aliyekuja kuuliza njia. Kila mgeni nilimfungulia bomba la mvua ili aone maji yanavyoteleza juu ya lile jeusi na mishipa inavyowaka. Mama Kabula alikuwa anasema, "Mume wangu, unaliogesha bafu kuliko watoto." Mimi nikawa naona na yeye ananionea wivu.

Wiki ya pili ukuta ukaanza kupauka. Mwanzoni madoa madogo ya mviringo, kisha mistari, kisha weupe kamili toka usawa wa kifua kushuka chini, kama ukuta umemwagiwa unga wa mhogo. Mishipa yangu ya dhahabu ikapotelea humo. Mama Kabula akafuta kwa kitambaa, haukutoka. Akasugua kwa steelwaya, ukatoka kidogo, lakini akaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ile ikaushika weupe vizuri zaidi. Na habari kutoka Didia zikawa zinaletwa kwangu kila siku, maana habari za kukuumiza hazikosi mbebaji: mama anaoga mwenyewe, mama anaimba bafuni, Maduhu kaweka vile vigae vigumu vya majivu, Maduhu kamtengenezea kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kilichobanwa kwenye ubao, mama akimaliza kuoga anaufuta ukuta mwenyewe, shwaa, anafurahi kama mtoto.

Anaimba! Kwangu hajawahi hata kupiga mluzi.

Zilipobaki siku tatu aje kwangu, nikafanya jambo ambalo haliwezi kufanywa na mtu yeyote isipokuwa mtu wa dhahabu. Sisi dhahabu ikitoka chafu tunaichemsha kwenye tindikali. Uchafu wote unakimbia, dhahabu inabaki inacheka. Nikajiambia, kinachosafisha dhahabu kitashindwa kusafisha ukuta? Nilikuwa nayo kwenye dumu stoo. Nikafunga kitambaa puani, nikaimwaga ukutani kwa kikombe.

Mwanangu, jiwe lilichemka. Lilitoa povu na sauti kama mafuta yanayopokea samaki, na moshi ukanipanda kooni nikatoka natambaa, macho yanatiririka. Mama Kabula akaburuta mpira wa bustani akamwagia maji kutokea mlangoni, huku analia na kunitukana kwa Kisukuma, matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Hewa ilipotulia nikaenda kuangalia. Weupe ulikuwa umeondoka, kweli. Na mng'aro ulikuwa umeondoka nao. Jiwe jeusi limekuwa la kijivu, limeparuzika kama ulimi wa paka, na kwenye maungio ile grauti, saruji ya kuzibia, imeliwa, mtu anaweza kupitisha kucha. Baadaye ndipo fundi alinieleza kwamba marumaru na chokaa ni ndugu. Kinachokula kimoja kinakula na kingine. Mtu wa mawe mimi, nilikuwa sijui.

Hapo ndipo mwenye akili angesema, basi, mama akae kwanza Didia, ukuta ubomolewe. Lakini nilimwona Maduhu akilini, amechuchumaa, anasema kwa upole wake, "Pole, mwanyumba." Upole ule ningeumeza vipi? Nikachukua mafuta ya alizeti ya kupikia na kitambaa safi, nikaupaka ukuta wote. Ukarudi mweusi. Mishipa ikaonekana. Nikasimama nikautazama nikasema, nimemweza.

Mama mkwe akaja Jumamosi. Tukaamkiana kwa mbali kama ilivyo desturi, yeye kwenye mkeka, mimi nimesimama kule kwenye kona ya nyumba. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka, mayu." Jumapili akaoga Mama Kabula akiwa naye, maji kidogo ya ndoo, hakukutokea kitu. Jumatatu Mama Kabula akaenda mnadani, watoto shuleni. Mimi niko nje naosha gari. Nikasikia bomba la mvua linafunguliwa, nikatabasamu, nikasema sasa ataimba.

Nikasikia kishindo.

Nilifika mlangoni mwa bafu kabla sijajua nimekimbia. Maji yalikuwa bado yanamwagika. Nikagonga.

"Mayu, kuna nini?"

"Nimeanguka, baba." Sauti ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi.

"Nije?"

"Usije."

"Mayu, nifunge macho nije?"

"Hata nikifa, usije. Tafuta mwanamke."

Mwanangu, nimefukiwa na kifusi mara mbili maishani mwangu, na sijawahi kushikwa na woga kama ule. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa. Kitasa changu, mlango wangu, maji ya pampu yangu, na ndani mama aliyenizalia mke amelala kwenye sakafu uchi na mimi ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kumwinua. Nikakimbia kwa jirani wa kwanza, kafunga, kaenda mnadani. Wa pili, mnadani. Nikakimbia mpaka kwenye karasha zangu, ambako kuna akina mama wanaogonga mawe kwa nyundo kabla hayajasagwa. Wanawake wale nilikuwa nawapita kila siku asubuhi bila salamu, kwa sababu nilikuwa na gari. Nikawapigia magoti vumbini. Wawili wakaacha nyundo wakanifuata mbio, nyuso nyeupe kwa vumbi.

Wakaingia. Nikasikia mmoja naye anateleza, anashika, anasema, "Angalia dada, sakafu ina mafuta." Kisha sauti yake tena, sasa iko karibu na ukuta, nadhani alikuwa ananusa vidole.

"Baba Kabula," akaniita kutoka ndani, "huu ukuta ulikuwa unaukaanga?"

Kufika jioni Bugarama nzima ilikuwa inajua. Mpaka leo kuna watu wazima pale, wakikasirishwa na mimi, wanasema, "Muacheni huyo mkaanga ukuta."

Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo. Maji ya moto ya bomba la mvua yaliyalegeza yale mafuta yakashuka sakafuni, na mama, goti lilipomkataa, alitupa mkono ukutani ajishike, mkono ukapita kama umeshika samaki. Tulimpeleka hospitali, akafungwa plasta. Maduhu akafika siku ileile. Sikumtazama. Yeye akanisogelea akasema, "Pole, mwanyumba," kwa sauti ileile niliyoiogopa, na kumbe ilikuwa pole tu, hakuna kingine ndani yake. Hilo nalo lilinichoma.

Siku mama anaruhusiwa nilisimama nje ya dirisha la wodi, ndivyo tulivyoweza kuongea, yeye ndani mimi nje. Nikamwambia nitabomoa, nitaweka kitu bora kuliko hicho, nitaleta mafundi kutoka mbali. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Baba," akasema, "sijakukasirikia. Lakini nikuulize. Ulipokuwa unajenga bafu lile, ulinifikiria mimi au ulimfikiria Maduhu?"

Nikaanza kuhesabu nondo za dirisha.

"Ukuta wa Maduhu nauegemea. Wa kwako ni wa kutazama. Mimi, baba, nina mguu mbovu, sina shida ya kutazama. Nitakaa Didia. Wabeja, asante kwa yote."

Akakaa Didia miaka tisa. Nilipeleka ng'ombe wa maziwa, nikapeleka magunia ya mchele, nikapeleka godoro nene. Alipokea kila kitu, akasema wabeja, akabaki kulekule, na fimbo yake, na mguu wake uliopona ukiwa umepinda kidogo. Hakuoga tena kwangu hata siku moja. Alipofariki alizikwa Didia, na aliyesimama kushukuru waombolezaji kwa niaba ya wakwe alikuwa Maduhu. Mimi nilitoa jeneza, la bei kweli, watu wakalisifu. Lakini neno lilikuwa la Maduhu. Nikuambie kweli kwa kuwa wewe ni mwanangu? Bado namwonea wivu. Nina nyumba tano sasa, na bado nikipita barabara ya Didia naangalia upande mwingine.

Basi nisikilize, wewe unayeanza kununua tofali.

Kabla ya kuuliza ukuta wa bafu uwe wa rangi gani, yaulize maji yako. Chungulia birika, chungulia sufuria, angalia mdomo wa bomba. Ukiona ukoko mweupe, jua kila unachokiweka ukutani kitalishwa ukoko huo kila siku. Fanya kama Maduhu, weka vipande chini ya tone la maji mwezi mzima, na anayecheka mwache acheke. Kuuliza si ujinga, hata kuliuliza jiwe.

Mimi nilipobomoa nilimfuata mzee wa Ushirombo mpaka kwake, nikaomba radhi, akaja. Nyuma ya ukuta ule maji yalikuwa yamekwisha pita kwenye maungio mpaka lipu ya chumba cha pili imebabuka. Akapiga lipu ya saruji upya, akapaka dawa ya kuzuia maji, akaiacha ikauke kabisa ndipo akaweka vigae. Jipsamu usiiweke mahali maji yanaporuka, itavimba kama mkate. Niru ya saruji ni ya bei nafuu na haina aibu, ila iwe laini kweli na uipake dawa ya kuziba vinyweleo, la sivyo inaunywa ukoko. Ubao wa plastiki si mbaya kwa mwenye haraka, unafutika, lakini ukiukwaruza umeuharibu. Kwa maji ya kwetu huku, kigae kigumu cha poseleni ndicho kilichonidumia. Dukani kigeuze, dondoshea maji mgongoni: yakinyonywa, kiache, yakibaki yamesimama, chukua. Chukua vikubwa ili maungio yawe machache, maana ukoko unaanzia kwenye maungio, na hayo maungio yazibe kwa ile grauti ya vikopo viwili inayochanganywa, ambayo maji hayaili. Rangi ya majivu au ya mchanga inakusitiri. Nyeusi inakutangaza. Na marumaru, mwanangu, hata ikupigie magoti, iache sebuleni.

Kisha ufute ukuta kila ukimaliza kuoga, ungali mbichi. Ni kazi ya kuvuta pumzi mbili. Ukoko ukikuwahi kwenye kigae, chukua siki iliyochanganywa na maji, usugue kwa kitambaa, usuuze upesi. Kwenye jiwe hata siki usipeleke, wala limau. Tindikali iache kwa wenye dhahabu, nao wangeiogopa zaidi kama wangekuwa na akili. Na ukuta ukiharibika, useme umeharibika. Usiupake kitu.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na mimi naongeza, ingia mpaka bafuni, huko ndiko mtu anakokuwa uchi na mguu wake mbovu. Mjengee huyo. Ukimjengea mwanyumba wako, jirani yako, mtu uliyesoma naye, utakuwa umetumia saruji yako kumjengea mtu ambaye hatakuja kuoga.

Mungu akupe kisima kisichokauka, mwanangu. Akupe fundi anayeweza kukukatalia, na masikio ya kumsikia. Wazee wa mkeo waje kwako kwa miguu yao, na waondoke kwa miguu yao. Na siku mmoja wao akiimba bafuni kwako, zima redio, umsikilize. Mimi sikuwahi kusikia wimbo huo.